Sura Iliyokuja Baada ya Mwisho

Nyuma ya maktaba ya mji, ukishapita kabati la magazeti ya zamani na kuinama kidogo, kwa kuwa mlango wenyewe ulijengwa na mtu asiyewapenda warefu, kuna chumba cha kujalidi vitabu. Chumba hicho kina dirisha moja pana linalotazama ukuta wa bandari, meza ndefu ya mbao nzito, kibano cha chuma chenye usukani kama wa lori, na viti viwili visivyo na migongo, kimoja kila upande wa meza. Kiti cha upande wa dirisha kilikuwa kimekaliwa kwa miaka thelathini na minane na mwanamke mmoja ambaye jina lake la ubatizo limo katika daftari la mahudhurio, na mahali pengine popote halimo. Watu wote walimwita Bibi Gundi.

Jina hilo alilipata angali msichana wa bweni. Watawa waliomsomesha walikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia vitabu vya nyimbo, na mmoja wao, aliyekuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa paka wa jikoni, aliona kwamba mwanafunzi huyu aliyeshindwa hesabu, na kuimba pia akashindwa, alikuwa na vidole vitulivu kupita kiasi. "Mwenye vidole hivi asipewe chaki," alisema. "Apewe gundi." Akapewa, na hakuiachia tena. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akawaona wanawe wakitawanyika kila mmoja na lake. Na katika yote hayo hapakupita asubuhi ya kazi asiyoichemsha sufuria yake ya unga wa ngano, akatia na shabu kidogo ili mende wasigeuze maktaba kuwa hoteli.

Kiti cha pili kilikuwa cha Sindano.

Sindano alikuja kazini mwaka mmoja baada yake, mwembamba, mwenye ulimi usiojua Jumapili. Siku ya kwanza tu alimwambia mwenzake, "Shoga, umekunywa chai au umekunywa gundi? Mbona midomo imeshikana?"

"Nahesabu mishono."

"Basi hesabu kwa vidole. Mdomo uniazime mimi."

Aliuazima, na hakuurudisha kwa miaka thelathini na saba. Wakakaa wakitazamana, mmoja akipaka na mwingine akitoboa, mmoja akinyamaza na mwingine akisema kwa niaba ya wote wawili. Wakuu wa maktaba walipokuja na kuondoka, wanawake wale wawili waliwaona kama watu wanaopita chini ya dirisha.

Kitabu, kabla hakijawa kitabu, ni mafungu ya karatasi zilizokunjwa, kila fungu kurasa kumi na sita. Fungu hushonwa katikati, likaungwa kwa uzi uleule na fungu linalofuata, hadi mgongo utimie. Ukikosea mpangilio, uzi hautakwambia, wala kibano hakitakwambia; vitabana tu. Kwa sababu hiyo wanawake hao walikuwa na desturi yao waliyoiita kuitikiana. Sindano alishika fungu akasoma kwa sauti maneno yake ya mwisho, na Gundi, aliyeshika fungu linalofuata, akaitika kwa maneno ya kwanza.

"Mzee akafungua mlango wa zizi, na ndani yake akaona..."

"...mbuzi watatu waliovaa suruali zake."

Sentensi ikishikana, walishona. Isiposhikana, walirudi nyuma. Palikuwa na shaka mahali pamoja tu: fungu lilipoishia mwisho wa sura, hapakuwa na sentensi ya kushikana. Hapo ndipo Sindano alipokuwa na thamani ya watu wawili, kwa maana yeye alikisoma kila kitabu kilichopita mezani, na vya watoto alivisoma mara mbili. "Weka chini hilo, shoga," angesema. "Bwana huyu tulimzika sura mbili zilizopita, leo atamfukuzaje mwizi?" Bibi Gundi hakusoma. "Mimi nawavalisha tu," alipenda kusema, "sijawauliza habari zao."

Mwanzoni mwa mwaka Sindano alishikwa na kifua, na wiki ya tatu akawa hayupo.

Bibi Gundi alirudi kazini siku ya tatu baada ya mazishi. Hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka mikono yake. Mezani alikuta rundo la vitabu vya watoto ambavyo Sindano alikuwa amevifumua nyuzi na kuviacha tayari kwa kushonwa upya, na kwenye msumari, aproni yake yenye mfuko uliojaa maganda ya karanga. Aliiondoa msumarini. Akaipakata kwa muda, kisha akailaza juu ya karatasi za mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyepata usingizi kwa shida, akavuta kitabu cha kwanza.

Kilikuwa hadithi ya safari ya baharini, chenye jalada la buluu lililochakaa, na kilikuwa kinajalidiwa kwa mara ya tatu. Kisu cha kusawazishia kingo kilikuwa kimekwisha kuila miguu ya kurasa pamoja na namba zake. Alishika fungu la kwanza, akasoma maneno yake ya mwisho, akanyamaza kidogo, akajiitikia mwenyewe. Akafanya vivyo hivyo kwa la pili na la tatu. Penye mwisho wa sura alisoma, akanyamaza kwa muda uleule, na mazoea ya miaka thelathini na saba yakamfanya aone kana kwamba amejibiwa. Akashona.

Alipomaliza na kuinua aproni ili airudishe msumarini, alikuta chini yake fungu moja limebaki. Alitazama mstari wake wa mwisho. *Wakapiga makasia huku wakicheka, wakarudi nyumbani.* Akaona inafaa. Hadithi ya watoto iishie wapi kama si nyumbani? Akalishona mwisho, akatia gundi, akazungusha usukani wa kibano.

Miezi saba ikapita.

Mtoto aliyeinama mlangoni alasiri ya Alhamisi moja, ingawa kwa kimo chake hakuwa na haja ya kuinama, alijulikana maktaba nzima kwa jina la Wakili. Alikuwa msichana wa miaka kumi. Jina alipewa na mkutubi, mwanamume mnene mwenye moyo laini, siku aliposhindwa kumthibitishia kwa nini kamusi isiazimwe mwaka mzima. Jambo jingine lililojulikana kumhusu halikutajwa mbele yake. Miezi miwili nyuma, mvulana wa nyumba ya jirani, aliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alijitosa kutoka ukuta wa bandari kufuata mpira, siku ya upepo, na hakuonekana tena. Wazamiaji walitafuta siku nne. Bibi Gundi aliwaona watu wamejipanga juu ya ukuta, kutoka dirishani mwake, na alifunga pazia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kusoma ni kule mbele. Huku ni jikoni."

"Najua. Nimekuja kuomba uzi."

"Wa kushonea nini?"

"Si wa kushonea. Wa kufungia."

"Kufungia nini?"

"Vitu."

"Wakili mzima unajibu hivyo? Ningekuwa hakimu ningekufunga wewe."

Mtoto hakucheka. "Mkutubi anasema uzi wako ukipakwa nta haunyonyi maji. Ni kweli?"

Bibi Gundi aliweka brashi chini. "Inategemea maji. Maji ya wapi?"

"Ya chumvi."

Ilichukua muda, na kipande cha mkate, mpaka maneno yakatoka. Alikuwa na madumu sita matupu aliyoyaficha nyuma ya mawe chini ya ukuta. Ubao alikuwa nao. Alichokosa ni cha kuyaunganishia, maana kamba za katani alizojaribu ziliteleza. Alitaka kufika kwenye kile kisiwa cha mchanga kinachojitokeza mbele ya bandari maji yanapokupwa. Kwa mguu hakifikiki. Alikuwa amekwisha kuuliza.

"Na huko kuna nini?"

Mtoto alimpima kwa macho. "Nikikwambia utacheka."

"Mimi sicheki saa za kazi. Yule mwenzangu ndiye aliyekuwa akicheka."

Basi akafungua mkoba, akatoa kitabu chenye jalada jipya la buluu, ambalo Bibi Gundi alilijua kabla halijagusa meza.

"Darasani wote wameishia palipoandikwa *Mwisho*," alisema Wakili. "Hata mwalimu. Mwalimu ana chake, anasema hakina kitu baada ya hapo, lakini ni kwa sababu wao wakiona neno mwisho wanafunga. Mimi nilifunua. Kuna sura moja zaidi. Mwandishi ameificha kwa ajili ya watu wasioondoka haraka."

Alisoma kwa sauti, na ilikuwa dhahiri kwamba macho yake hayakuhitaji ukurasa. Katika hadithi hiyo palikuwa na marafiki wawili, msichana aitwaye Nahodha na mvulana aitwaye Kijiti. Kijiti alizama katika dhoruba, akaliliwa, akafanyiwa mazishi yasiyo na mwili. Na sasa, baada ya *Mwisho*, msichana alikuwa ameketi peke yake kwenye kisiwa cha mchanga, ameshika viatu vya mwenziwe:

*Ndipo Kijiti akaibuka majini, kofia imemshuka hadi machoni, akasimama juu ya mchanga akichuruzika. "Ulidhani nimezama?" akasema. "Nipe viatu vyangu, mchanga unaunguza."*

Wakili alifunga kitabu. "Alikuwa kwenye kisiwa cha mchanga muda wote. Walimlilia bure. Na mimi viatu vyake ninavyo, Bibi. Alinishikisha kabla ya kujitosa. Akasema, shika, narudi."

Bibi Gundi alikuwa akitazama mgongo wa kitabu. Pale chini, palipochungulia uzi, palikuwa na fundo alilolijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake.

"Niachie kitabu hadi kesho," alisema. "Mgongo umelegea."

"Na uzi?"

"Kesho pia."

"Isipite kesho. Naenda Jumamosi asubuhi, maji yakipwa."

Alipobaki peke yake, Bibi Gundi alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka thelathini na minane: aliacha gundi ipoe, akasoma kitabu kizima, kutoka jalada hadi jalada. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa na watawa. Alipofika mwisho alikuwa ameelewa. Ile sura ya kisiwa cha mchanga haikuwa sura ya kurudi. Ilikuwa mchezo wa siku ya jua, katikati ya kitabu, kabla ya dhoruba: Kijiti alijificha chini ya maji ili amtishe mwenziwe, akaibuka, wakacheka, wakarudi nyumbani. Lilikuwa fungu la sita. La saba lilileta dhoruba. Katika la nane, la mwisho kwa haki, Nahodha alipanda mashua peke yake akaipeleka kofia ya Kijiti, iliyookotwa ufukweni, kwa baba wa Kijiti, aliyetunza taa ya mnara. Baba aliipokea, akamkaribisha chai, na hapo mwandishi akaandika *Mwisho*.

Alikwenda mbele kwa mkutubi, akamweleza yote bila kujipunguzia hata sentensi moja.

"Bibi Gundi kakosea!" alisema mkutubi, mzaha ukamponyoka kabla hajaukamata. "Leo samaki watapanda ngazi." Kisha alipouona uso wake akavuta kiti. "Nisamehe, mama. Keti. Sikiliza. Baba yake Wakili anaendesha kreni pale bandarini. Nampigia sasa hivi. Atayaondoa hayo madumu, na hatari imekwisha. Kitabu kiache kama kilivyo."

"Nikiache?"

"Kinamdhuru nani? Mtoto amepata sura moja ya furaha. Wewe na mimi tumepata ngapi?"

"Madumu yataondolewa, atatafuta magogo," alisema Bibi Gundi. "Magogo yakikosekana ataogelea. Hangoji madumu huyu, anamngoja mtu. Na aliyemwambia angoje ni mimi."

"Si wewe. Ni bahati mbaya."

"Fundo ni langu. Sindano angekuwepo, angeniambia weka chini hilo. Mimi nilinyamaza nikajiona nimejibiwa."

Mkutubi alishika simu. Baba mtu, alipopokea, alisema atashuka zamu kesho saa kumi, na kwamba kwa miezi miwili mtoto hakutaka viatu vile viondolewe chini ya kitanda.

Ijumaa Wakili alikuja akikimbia, mkoba mgongoni, jasho puani. Mezani kitabu kilikuwa wazi, jalada limebanduliwa, uzi umekatwa, na mafungu manane yamepangwa kama sahani. Bibi Gundi hakuwa na ufundi wa kuzunguka jambo. Alimwonyesha sindano inavyopita. Alimwonyesha aproni. Alimwambia mwenzake alikuwa nani, na siku ile ilikuwa siku gani, na fungu lile lilibaki wapi, na yeye alilishona wapi.

"Mwandishi hakuificha," alisema. "Ni mimi niliyeiweka mahali pasipo pake. Nimekukosea, mjukuu wangu. Hakurudi."

Wakili aliyatazama mafungu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mahakamani. "Unajuaje kwamba si mwandishi aliyekosea, na wewe ukamsahihisha?"

"Sijui mambo ya waandishi. Najua ya uzi. Lile fungu lina matundu ya zamani, ya kabla yangu. Uzi wa mwanzo ulipita kati ya la tano na la saba."

"Muongo."

"Mjukuu wangu..."

"Wewe ni bibi muongo, na gundi yako inanuka!" Akalinyakua fungu la sita, akalitia kifuani, akatoka.

Bibi Gundi alikuwa na miaka sitini na mitatu na goti moja lisilosikia amri. Alitoka jinsi alivyokuwa, aproni mbele, ndala mguuni, akapita katikati ya wasomaji wa magazeti walioinua vichwa kama kuku, akateremka ngazi na kuuvuka mtaa, mkono mmoja umeinuliwa kuwasimamisha wenye baiskeli. Mtu fulani akauliza kwa sauti kama maktaba inaungua. Aliupanda ukuta wa bandari kwa mikono na magoti. Upepo ukamnyang'anya kitambaa cha kichwa, hakugeuka kukitazama.

Madumu yalikuwa pale chini, yamepangwa matatu-matatu, ubao juu yake. Juu ya ubao, kwenye mawe makavu, hatua tano kutoka majini, aliketi Wakili. Alikuwa anasoma. Kando yake palikuwa na viatu viwili vya mvulana, vilivyoelekezwa baharini.

Bibi Gundi alishuka, akaketi kwenye jiwe, akangoja pumzi zimrudie. Bahari ilikuwa ikipiga na kurudi, haina habari nao. Kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mwaka, kunyamaza kwake kulikuwa na mtu upande wa pili.

"Ana kofia," alisema Wakili mwishowe, bila kuinua macho.

"Nani?"

"Kijiti. Hapa ametoka majini na kofia. Lakini kofia Nahodha alishampelekea baba yake. Kule mbele. Kabla ya neno mwisho."

"Ndiyo. Jana nimeona."

"Mimi niliona siku ya kwanza." Kidole chake kilikuwa juu ya neno lenyewe. "Nilijua, Bibi. Nikasema labda alipata nyingine."

Hapo ndipo alipolia. Alilia vibaya, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia kabla ya kufundishwa adabu, na Bibi Gundi alimvuta kwenye aproni yake yenye unga na nta akamshika. Hakumwambia anyamaze. Yeye mwenyewe hakuwa amelia hivyo, si kaburini wala nyumbani, na sasa, juu ya mawe ya bandari, machozi yalimkuta amekaa vizuri yakamalizia kazi yao. Baba wa mtoto alipotokea juu ya ukuta, kofia ya kazi mkononi, aliwakuta hivyo. Aliteremka, akaketi upande wa pili wa bintiye, mikono mikubwa juu ya magoti. Baadaye aliyabeba madumu yote sita kwa mkupuo mmoja. Viatu aliviacha, avichukue mtoto mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, maji yalipokuwa yamekupwa na kisiwa cha mchanga kinaonekana cheupe dirishani, Wakili aliinama mlangoni. Fungu la sita lilikuwa mkononi, limekunjika pembe na kupata chumvi kidogo.

"Nisamehe kwa habari ya gundi, Bibi."

"Kunuka inanuka, hukusema uongo. Pita ukae."

Palikuwa na kiti kimoja tu kisicho na mtu. Mtoto alitazama kiti, akamtazama Bibi Gundi, maana alikuwa amesimuliwa. Bibi Gundi alikipangusa kwa kiganja. Wakili akapanda, miguu yake haikufika chini.

"Nitasoma maneno ya mwisho," alieleza Bibi Gundi, akipitisha uzi kwenye donge la nta. "Wewe utaitika kwa ya kwanza. Yakishikana, nashona."

Wakaanza. Mtoto aliitika upesi mno, akaambiwa asikimbize kitabu; akaitika polepole mno, akaambiwa asikilaze. Fungu la kwanza likashikana na la pili, la pili na la tatu. Mkutubi alipita mara mbili akijifanya anatafuta gazeti. Walipofika la tano, Bibi Gundi alisoma maneno ya mwisho, *na taa ya mnara ikawaka mbali*, akanyamaza.

Mtoto akangoja. "Halina sentensi ya kushikana," alisema.

"Halina. Ni mwisho wa sura. Hapa lazima aseme mtu anayeijua hadithi. Mimi nikiachwa peke yangu hapa, umeona nilichofanya."

Wakili alilishika fungu la sita kwa mikono miwili. Alilifungua, akaangalia ndani kwa muda, akalifunga.

"Hapa bado yupo," alisema. "Wanacheza. Weka hili."

Sindano ikapita, uzi ukavutwa, fundo likakazwa.

"Na sasa?"

"Sasa dhoruba." Fungu la saba alikaa nalo. Bibi Gundi hakuunyosha mkono. Chini ya dirisha walipita watu, na kikapita kikapu cha samaki kikiwa na ubishi wake wa bei, ndipo mtoto akalisukuma fungu kuvuka meza, kwa kidole kimoja. "Shona, Bibi."

Walipolimaliza la nane walitia gundi, na Wakili akaruhusiwa kuzungusha usukani wa kibano, jambo ambalo mkutubi alikuwa ameliomba miaka kumi na moja bila kukubaliwa, na alilalamika wazi. Kisha mtoto aliteremka kitini, akasimama akikuna kifundo cha mguu kwa mguu mwingine.

"Bibi, bado nahitaji uzi."

Bibi Gundi aligeuka.

"Mfupi tu. Viatu vimekatika kamba. Leo navipeleka kwa mama yake. Siwezi kumpelekea vimekatika."

Bibi Gundi alipima uzi kwa mkono wake, kutoka kidoleni hadi begani, mara mbili. Akaupitisha kwenye nta, mara tatu badala ya moja. Viatu vilikuwa ndani ya mkoba. Wakavitoa, wakavilaza mezani palipokuwa mafungu, wakatia kamba, kila mmoja kiatu kimoja, tundu kwa tundu, hadi juu.

"Nitarudi Jumatatu," alisema Wakili. "Lile rundo lote ni vitabu vya watoto, nimeliona. Karibu vyote nimeshavisoma."

"Vitu vitatu," alisema Bibi Gundi. "Unawe mikono, usile karanga juu ya karatasi, na usiniambie hadithi inaishaje kabla sijaifikia."

"Lakini wewe husomi."

"Nimeanza."

Mtoto alitoka. Bibi Gundi alikwenda dirishani, akalivuta pazia hadi mwisho wake. Alimwona akishuka ngazi za maktaba, viatu vimening'inia mkononi kwa uzi mweupe. Kwenye njia panda alisimama. Kulia ni ukuta wa bandari, na kisiwa cha mchanga kiking'aa kwa mbali. Kushoto ni nyumbani kwao, na kwa mama wa mvulana. Alikitazama kile kisiwa kwa muda wa mtu anayesoma mstari mmoja, kisha akashika kushoto.

Bibi Gundi alirudi kitini kwake. Alivuta kitabu kilichofuata katika rundo, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya mstari.